Sasisho la Google si hukumu, na waganga wa SEO watuache

Leo nimekuja na hasira kidogo kwa hivyo mtanivumilia. Ukiwa na tovuti, au ukiwa unatengenezea watu tovuti kama mimi, wimbo huu unaujua. Google inatangaza kwamba imeanza kusambaza sasisho jipya la algoriti yake. Siku tatu baadaye mchoro wa wageni unateremka kama lori lililokatika breki. Kabla wiki haijaisha wanajitokeza watu wenye slaidi za rangi rangi wakikuambia: maudhui yako si bora, tulipe tukutibu. Na mwenye tovuti, mtu ambaye kwa miaka sita amekuwa akiandika kwa moyo wake wote juu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, anaamini kwamba kweli amekosa.

Mimi nasema mara nyingi hajakosa lolote. Na nasema pia kwamba kampuni inayoamua nani aonekane na nani asionekane ina deni la kueleza sababu, deni ambalo haijalilipa tangu ianze biashara hii.

Kwanza tuelewane mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana uongo unaanzia hapo. Google ina programu zinazoitwa buibui. Buibui hawa hutembea kutoka kiungo hadi kiungo wakisoma kurasa, na wanachosoma kinawekwa kwenye faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu cha shule, ila hii ina mabilioni ya kurasa. Ukiandika swali lako, mtambo haukimbii kwenda kuzunguka mtandao mzima. Unatafuta ndani ya faharasa hiyo, kisha unapanga ulichopata kwa alama. Zamani alama hizo zilitegemea sana PageRank, hesabu ambayo Larry Page na Sergey Brin waliieleza mwaka 1998 wakiwa wanafunzi wa Stanford: kiungo ni kura, na kura inayotoka kwa ukurasa wenye kura nyingi ina uzito zaidi. (Mliosoma matriki chuoni, ndiyo, ni ile hesabu ya vekta maalumu mliyoichukia.) Siku hizi PageRank ni kipimo kimoja tu kati ya vingi.

Sasa, sasisho ni nini? Ni kubadilisha uzito wa vipimo hivyo, au kuongeza kipimo kipya. Fikiria darasa la wanafunzi 40. Mwalimu mkuu anaamka asubuhi na kusema kuanzia leo Hesabu itahesabiwa mara mbili. Mtoto aliyekuwa nambari 2 anakuwa nambari 9, na hakuna neno hata moja alilolisahau usiku huo. Utamwambia huyo mtoto amezembea? Utampeleka kwa mganga?

Google wenyewe wamewahi kukiri jambo hili. Agosti 2019 walieleza masasisho yao makuu kwa mfano wa filamu: ukiandika orodha ya filamu 100 bora mwaka 2015, halafu uiandike upya mwaka 2019, itabadilika. Filamu nyingine zimetoka, na wewe mwenyewe umezitazama upya zile za zamani. Filamu iliyoshuka haikuwa mbaya. Mfano mzuri, nauheshimu. Kama mambo yangekomea hapo nisingeandika haya.

Lakini Agosti 2022 wakaleta kitu walichokiita sasisho la maudhui yenye manufaa, kwanza kwa Kiingereza, na Desemba mwaka huohuo kwa lugha zote. Hiki hakikuwa kupanga orodha upya. Kilikuwa kipimo kinachoitazama tovuti nzima: ikionekana kuwa na maudhui mengi yasiyofaa, basi hata kurasa zake nzuri zinavutwa chini pamoja na zile mbaya. Na ukishapigwa muhuri huo, maelezo yao yalisema unaweza kudumu kwa miezi. Tofauti na mfano wa filamu mmeiona? Sasa anayehukumiwa ni mtayarishaji mwenyewe, pamoja na kila filamu aliyowahi kutoa, na hukumu inatolewa na modeli ya kompyuta ambayo haimwambii ni filamu ipi iliyomponza.

Toleo la Septemba 2023 ndilo lililouma zaidi. Machi 2024 mfumo huo ukamezwa ndani ya algoriti kuu, katika sasisho lililoanza tarehe 5 Machi na kumalizika tarehe 19 Aprili. Siku 45! HouseFresh, tovuti ndogo inayopima mashine za kusafisha hewa kwa kuziwasha na kuzipima kweli chumbani, iliandika Februari 2024 jinsi magazeti makubwa yanayopendekeza mashine ambazo hayajazigusa yalivyoipita kwenye matokeo. Miezi mitatu baadaye ikaandika tena: zaidi ya asilimia 90 ya wageni wake kutoka Google walikuwa wamekwisha kupotea. Oktoba 2024 Google iliwaalika wenye tovuti kama 20 hivi walioathirika wafike makao yake makuu California. Kadhaa kati yao walisimulia baadaye kwamba waliambiwa tovuti zao hazikuwa na tatizo. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Mtu amefukuza wafanyakazi, mwingine amefunga duka, halafu anaambiwa ana kwa ana kwamba hakuwa na tatizo.

Msidhani jambo hili ni geni. Novemba 2003 (mimi nikiwa bado sijui hata kufunga kamba za viatu) lilikuja sasisho ambalo watu waliliita Florida, likazika maduka madogo ya mtandaoni wiki chache tu kabla ya Krismasi, yakiwa yamejaza bidhaa stoo. Februari 2011 ikaja Panda, ambayo Google ilisema iligusa karibu asilimia 12 ya maswali yote Marekani. Panda ninaitetea, tena kwa sauti. Wakati huo kulikuwa na viwanda vya makala, watu wanalipwa senti kuandika vipande elfu juu ya mambo wasiyoyajua, ili tu wakamate maswali ya watu. Mtambo wa kutafuta usiopambana na takataka haufai. Hilo halina ubishi, na yeyote anayesema Google isibadilishe algoriti yake kamwe hajawahi kuendesha seva hata siku moja. Mwaka 2022 pekee walifanya mabadiliko zaidi ya 4,000, mengi yao madogo hata hukuyaona.

Kisa kinachonikera ni cha Penguin. Hii ilikuja tarehe 24 Aprili 2012, ikiwalenga walionunua viungo. Sawa. Aliyenunua kura aadhibiwe. Ila Penguin haikuwa ikihesabu kila siku. Iliendeshwa kwa vipindi, mara moja moja. Maana yake, ukishaadhibiwa, ukaondoa viungo vyote vibovu, ukasafisha hadi sakafu, bado ulikaa kifungoni mpaka waiendeshe tena. Na kati ya Oktoba 2014 na Septemba 2016 toleo jipya halikutoka. Karibu miaka miwili! Biashara gani ndogo unayoijua wewe, Gikomba au Kongowea, inayoweza kukaa miaka miwili bila wateja ikisubiri kompyuta ya mtu ifanye hesabu upya? Mwizi wa kuku anapewa tarehe ya kutoka jela. Hawa hawakupewa.

Na cha ajabu, Google inajua kufanya haki ikitaka. Adhabu zao ni za aina mbili. Ile inayotolewa na mfanyakazi binadamu inakuja na ujumbe ndani ya Search Console: kosa lako ni hili, rekebisha, kisha omba uangaliwe upya. Ile inayotolewa na algoriti haina ujumbe, haina kosa lililotajwa, haina rufaa. Ni kampuni ileile, skrini ileile, mwenye tovuti yuleyule. Wanaoanguka kwa algoriti ndio wengi, na ndio wasioambiwa kitu.

Tunaambiwa usiri huu ni wa lazima, kwamba wakieleza vipimo matapeli watavichezea. Ningekubali kama usiri ungekuwa kunyamaza tu. Kwa miaka mingi watu wa Google walikuwa wakisimama hadharani kukana kwamba mibofyo ya watumiaji inatumika moja kwa moja kupanga matokeo. Kisha ikaja kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, na Oktoba 2023 makamu wa rais wao wa utafutaji, Pandu Nayak, akaeleza mahakamani chini ya kiapo juu ya mfumo uitwao Navboost, unaotumia kumbukumbu za mibofyo ya miezi 13, na kwamba ni miongoni mwa vipimo muhimu walivyo navyo. Mei 2024 nyaraka zao za ndani zikavuja, zenye vipengele zaidi ya 14,000, na kimoja kimeitwa kwa jina ambalo ni sawa na kusema mamlaka ya tovuti, kitu walichokuwa wakikana kuwa nacho. Google ilithibitisha kwamba nyaraka ni zake, ikaonya tu kwamba zisisomwe nje ya muktadha. Haya, tuzisome ndani ya muktadha: muktadha ni kwamba mtengenezaji tovuti wa Kisumu alikuwa akifanya maamuzi ya pesa zake kwa kutegemea maneno ya watu hao.

Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ndani ya hukumu hiyo ndefu kuna jambo dogo ambalo magazeti mengi yalilipita mbio. Mwaka 2020 Google ilifanya utafiti wa ndani kujua ingepoteza nini kama ingeshusha ubora wa matokeo yake kwa kiasi kikubwa. Jibu likawa mapato ya utafutaji yasingeguswa kwa maana. Duka ambalo linaweza kuuza unga wenye mchanga na wateja wasihame, hilo si duka tena. Sasa mtu aniambie ni kwa nini niamini kwamba kila sasisho limetoka kwa ajili ya manufaa ya msomaji. Page na Brin wenyewe, kwenye ile karatasi ya 1998, walionya kwamba mtambo wa kutafuta unaolishwa na matangazo utaegemea kwa watangazaji na kuwapa kisogo watumiaji. Vijana walikuwa na akili sana kabla hawajaajiri wahasibu.

Tuje nyumbani sasa, kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo panaponiuma hasa.

Baadhi ya masasisho haya yalizaliwa kwa Kiingereza. Panda ilianzia Marekani, ikaenda kwa Kiingereza cha dunia nzima mwezi Aprili 2011, lugha nyingine zikafuata Agosti. Maudhui yenye manufaa, vivyo hivyo. Sasa chukua neno la Kiingereza la kupika. Likibadilika, linabadilika mkiani. Programu inakata mkia na kubaki na shina. Chukua letu: anapika, alimpikia, watakupikieni, hupikwa, mapishi, mpishi, upishi. Linabadilika kichwani, kiunoni na mkiani kwa wakati mmoja! Programu iliyozoea kukata mikia itadhani hayo ni maneno saba yasiyojuana. Jaribu mwenyewe: tafuta "jinsi ya kupika mahamri", halafu tafuta "mapishi ya mahamri", ulinganishe. Kisha tafuta kitu kimoja kwa neno la Nairobi na kwa neno la Dar es Salaam: tarakilishi na kompyuta, kwa mfano.

Utasema modeli mpya za lugha zimetatua hilo. Zimesaidia, sikatai. Lakini modeli hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi yetu ni machache. Wikipedia ya Kiingereza ilivuka makala milioni 6 Januari 2020. Ya Kiswahili wakati huo haikuwa imefika 100,000, na hiyo ni baada ya Google yenyewe kuandaa shindano mwaka 2009 la kuwashawishi wanafunzi wa vyuo vikuu waandike makala za Kiswahili. (Kwa hilo nawashukuru, kwa dhati.) Kwa hivyo kipimo kinachojaribu kutofautisha maandishi ya mtu na ya mashine kina mifano mingi mno ya Kiingereza na kiduchu ya kwetu. Wakati huohuo matapeli wa dunia nzima wamegundua kwamba kutafsiri kurasa zao kwa mashine hadi lugha 30 ni bure. Utafiti uliotolewa Januari 2024 ulionyesha kwamba kwa lugha zenye maandishi machache, sehemu kubwa ya yale yanayopatikana mtandaoni kwa lugha nyingi kwa pamoja ni tafsiri za mashine. Unaijua ile Kiswahili: "Bofya hapa kuchukua faida ya vidokezo vyetu vya juu". Mama wa Lamu anayeandika mapishi yake kwa sentensi fupi, bila vichwa vidogo, bila picha za kununua, anashindana na mlima huo, mbele ya mwamuzi ambaye Kiswahili alijifunzia kwenye mlima huohuo. Akishuka, nani atamwambia ni kwa nini? Na tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo huko Marekani na kisha kuyasambaza kwingine, hata aliye nambari moja anaweza kusomwa, kufupishwa, na asitembelewe.

Sasa waganga. Nina mteja mwenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii huko Watamu. Wageni wa tovuti yake walishuka wiki ileile sasisho lilipotangazwa, akampata mtaalamu wa SEO (jina nalihifadhi) aliyemtoza shilingi 45,000 kwa mwezi. Mtaalamu alibadilisha vichwa vyote vya kurasa, akaandikisha makala 60 zisizosomeka, akanunua viungo kutoka tovuti za kamari za nchi ambazo mteja wangu hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Viungo kweli, kama vya pilau, ila vimeoza. Miezi minne, hakuna mabadiliko. Nilipoitwa nilifungua logi za seva. Buibui wa Google alikuwa akija kila siku, na kila siku akifungiwa mlango kwa jibu la 403, kwa sababu mwenye seva alikuwa ameweka ukuta mpya wa usalama uliomdhania kuwa mvamizi. Sasisho halikuhusika hata kidogo. Search Console ilikuwa ikionyesha makosa hayo kwa rangi nyekundu muda wote. Mtaalamu hakuwahi kuifungua. Tuliondoa kizuizi, tukafuta zile makala 60, na baada ya wiki chache wageni wakaanza kurudi.

Biashara ya mganga huyu inawezekana kwa sababu moja tu: hakuna anayeweza kumkanusha. Mahali ambapo hukumu haina maelezo, kila mwenye mdomo anageuka kuwa mkalimani wa miungu. Google ikinyamaza, yeye anasema.

Na dawa ipo, nchi nyingine zimeanza. Umoja wa Ulaya una kanuni nambari 2019/1150, iliyoanza kutumika Julai 2020, inayoilazimisha mitambo ya kutafuta kueleza wazi vipimo vikuu vya kupanga matokeo na uzito wake. Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilimaliza uchunguzi wake mwaka 2023 ikaitaka Google iyatenge matangazo kwa alama zinazoonekana na iyape majukwaa ya nchini humo nafasi ya kujulikana. Sisi tuna Mamlaka ya Ushindani, tuna wanasheria, tuna wabunge wanaopenda kuitwa wa kidijitali. Wadai mambo matatu tu: tovuti iliyoshushwa kwa kipimo cha tovuti nzima iambiwe hivyo ndani ya Search Console, itajiwe mifano ya kurasa zilizosababisha, iwe na njia ya kuomba iangaliwe upya, na tarehe ya kujibiwa. Mengi ya haya tayari yapo kwa adhabu za binadamu. Anayesema haiwezekani kwa mamilioni ya tovuti anasahau kwamba anaongea na kampuni ambayo buibui wake hutembea mtandaoni kila siku.

Wewe mwenye tovuti, wakati unasubiri wabunge: kusanya barua pepe za wasomaji wako, fungua orodha ya WhatsApp, wape sababu ya kuandika anwani yako wenyewe bila kupitia kwa mtu. Usimlipe mtu yeyote anayetamka neno sasisho kabla hajaomba kuona logi zako. Na hizo logi zihifadhi leo, maana seva nyingi huzifuta zenyewe baada ya muda na hutakuwa na cha kulinganisha. Wiki ijayo nitaandika hatua kwa hatua jinsi ya kuzisoma, na jinsi ya kumtambua buibui wa kweli wa Google na yule wa bandia anayejiita kwa jina lake.